UZI WA HASIRA: Vidio inakwamakwama, net iko vizuri, na bado mnaniambia nifute kache

Wakuu, leo naandika kwa hasira, anayetaka uzi wa upole apite tu. Kuna tovuti ya vidio nailipia kila mwezi, jina naliacha, ambayo siku zote ilikuwa inacheza vizuri kabisa kwenye laptopu yangu, 1080p ya fremu 60 kwa sekunde (fremu ni zile picha moja moja zinazounda vidio), laini, hamna tatizo. Siku hizi hapana. Mtu anaongea, sauti inaenda, picha inasimama, inashtuka, inaruka mbele kuifukuzia sauti, afu inasimama tena, na feni inavuma kwa nguvu zake zote. Na hamna kile kiduara cha kuzunguka. Hilo lishikeni, hamna kiduara, maana kesi yote iko hapo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Majibu yao mnayajua hata nisipoyaandika: futa kache (vitu brauza inavyojihifadhia) na kuki, zima ruta uwashe, sogea karibu na ruta, apdeti brauza, jaribu brauza nyingine, pima spidi. Nimepima, inasoma zaidi ya Mbps 40, nikawatumia na picha ya skrini. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K, sasa hiyo 40 inashindwaje na vidio moja ya 1080p? Likaja jibu kwamba huenda intaneti yangu haiko thabiti na nijaribu kushusha ubora mpaka 480p. Yani nalipia HD ili niangalie ukungu, na nishukuru.

Sasa sikilizeni, maana hata humu ndani naona watu wanarudia wimbo huohuo wa "net yako hiyo mzee" kila mtu akilalamika. Mnachanganya magonjwa mawili. Vidio ya kwenye brauza inapita hatua mbili kubwa: kwanza inapakuliwa vipande vipande na kuwekwa akiba mbele ya pale unapoangalia, pili vile vipande vinasimbuliwa, yani vinafunguliwa kutoka kwenye ule mbano wake kuwa picha halisi na kuchorwa kwenye skrini. Net ikiwa mbovu akiba inaisha, brauza haina cha kucheza, sauti na picha vinasimama PAMOJA na kiduara kinatokea. Lakini sauti ikiwa inaendelea huku picha inashtukashtuka, akiba ipo ya kutosha, kinachoshindwa ni kuifungua kwa wakati. Kumwambia mtu huyo aangalie net ni kumfokea mchota maji wakati mapipa yamejaa na mpishi ndo kazidiwa jikoni.

Na sio jambo la kubishana kwa maneno, linaonekana kwa macho. Tovuti nyingi kubwa zina kidirisha cha takwimu, kwenye YouTube kwa mfano (sio hao ninaogombana nao) unabofya kulia juu ya vidio yenyewe unachagua ile ya chini kabisa inayohusu takwimu. Tovuti yangu nayo ina kidirisha kama hicho, wamekificha tu. Angalia vitu vitatu: akiba iliyobaki kwa sekunde, fremu zilizodondoshwa, na jina la kodeki, yani ile namna iliyotumika kuibana vidio. Kwangu akiba ilikuwa imejaa, makumi ya sekunde mbele, haishuki kabisa, huku fremu zilizodondoshwa zinapanda kama zinalipwa. Kwa fremu 60 kila sekunde, kila fremu ina milisekunde kama 16.7 za kufunguliwa na kuchorwa, ikichelewa inatupwa, basi. Ndo maana vidio ileile ikiwa ya fremu 30 inaweza kwenda safi, maana hapo fremu moja inapewa milisekunde 33 na mashine inapumua.

Afu nikaja kwenye kodeki. Ilikuwa imeandikwa av01.

Wanaojua wameshaanza kucheka. Kwa ambao hawajui: H.264 ni kodeki ya mwaka 2003, karibu kila kifaa kilicho hai kina sehemu maalumu ndani ya chipu ya kuifungua bila kuisumbua prosesa, kwenye takwimu inaandikwa avc1. Ikaja VP9 mwaka 2013, inaandikwa vp09. Ikaja AV1 mwaka 2018, hiyo ndo av01, inabana zaidi kuliko hao wote kwa ubora uleule, kwa hiyo mwenye tovuti anaokoa gharama ya kusambaza na wewe unakula data kidogo, na walioitengeneza hawatozi ada za leseni. Mpaka hapo sina ugomvi na AV1, ni kazi nzuri ya watu wenye akili. Ugomvi ni huu: kwa Intel, chipu ya kusimbua AV1 imeanza kuingia kwenye prosesa za kizazi cha 11, mwaka 2020. Kwa Nvidia ni kadi za picha za RTX 30, mwaka huohuo. Laptopu yangu ni Intel kizazi cha saba, viini viwili. Hicho kizazi cha saba kina chipu nzuri kabisa ya VP9, IPO, imekaa, inasubiri kazi, na jamaa wanaipita wananimwagia AV1 ifunguliwe na prosesa kwa nguvu za mikono.

Ushahidi tena, maana najua mtabisha. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya GPU, yani kadi ya picha, kuna grafu ya kusimbua vidio. Nikicheza vidio ya zamani ya tovuti hiyohiyo ambayo bado ni vp09, grafu inapanda, prosesa imetulia, feni kimya, fremu zinazodondoka hamna. Nikicheza ya av01, grafu imelala chini kabisa na prosesa inagonga dari. Mashine ileile, net ileile, brauza ileile, na kache ambayo nilishaifuta kwa ajili yao. Nikawatumia hizo picha mbili zikiwa zimekaa sambamba. Mnajua walichojibu? Nihakikishe hakuna mtu mwingine anayetumia Wi-Fi yangu.

Na hapa ndo hasira yangu yenyewe ilipo. Tovuti haihitaji kubahatisha! Brauza zina kitu kinaitwa Media Capabilities, kipo kwenye Chrome, Firefox na Safari zote, kazi yake ni moja tu: tovuti inauliza "nina vidio ya kodeki hii, ukubwa huu, fremu hizi kwa sekunde, je?" na brauza inajibu mambo matatu, kama inaweza kuicheza, kama itaenda laini, na kama itatumia umeme vizuri. Chrome mpaka inaweka kumbukumbu ya jinsi mashine yako ilivyocheza vidio za namna hiyo huko nyuma ili jibu liwe la kweli. Yani swali lina mlango wake, jibu liko tayari, na ninyi wenye tovuti mnaishia kwenye lile la kwanza la "inaweza kuicheza?", mkiambiwa ndiyo mnasukuma mzigo. Inaweza, ndiyo! Hata mimi naweza kubeba friji ngazini. Na kidirisha chenu wenyewe kinahesabu fremu zinazodondoka, kwa hiyo taarifa mnayo, mnaiangalia ikipanda na hamfanyi chochote, wala hamkuweka sehemu kwenye mipangilio ya mtu kuchagua kodeki mwenyewe.

Brauza nazo zisijifiche nyuma ya tovuti. Ile swichi ya kuruhusu brauza itumie kadi ya picha unaweza kuikuta imewashwa kabisa kwenye mipangilio na kumbe nyuma ya pazia imezimwa, kwa sababu draiva yako (programu inayoiendesha kadi ya picha) iko kwenye orodha yao ya draiva zisizoaminika, au kwa sababu ule mchakato wa kadi ya picha umeanguka mara kadhaa na brauza ikaamua kimyakimya kurudi kwenye prosesa. Hamna ujumbe wala alama, mpaka uwe na akili ya kuandika chrome://gpu kwenye sehemu ya anwani na kusoma ukurasa mrefu uliojaa maandishi ya mafundi, au about:support kama uko Firefox. Mtu wa kawaida atajuaje? Wenzetu wa Linux ndo usiseme, Firefox imekuja kuwawashia wenye Intel kazi ya kusimbua vidio kwa kadi ya picha bila wao kuchokonoa mipangilio kuanzia toleo la 115, mwaka 2023, na kuna watu bado wanashauriana amri za ajabu mpaka leo.

Kuna wale wa "nunua mashine mpya mkuu". Mkuu, mashine yangu inafanya kazi zote nilizoinunulia, na hiyo vidio ilikuwa inaicheza safi mpaka wao walipobadilisha kodeki. Siwezi kutupa laptopu nzima kwa sababu mtu huko kaamua kupunguza bili yake ya kusambaza data.

Kwa ambao wanateseka kama mimi, kilichonisaidia: kama uko Firefox andika about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani) kwenye sehemu ya anwani, kubali onyo lao, tafuta media.av1.enabled, iweke false, rudi upakie ukurasa upya. Brauza itaiambia tovuti kwamba AV1 haijui, na tovuti itatoa VP9 au H.264 kwa adabu zote. Kwenye brauza za familia ya Chrome kuna viongezi vidogo (extensions) vya kuilazimisha tovuti itoe H.264, vinafanya kazi, ila jua kwamba tovuti nyingi kwenye H.264 zinaishia 1080p, ukitaka 1440p au 4K huipati tena. Mimi skrini yangu ni 1080p kwa hiyo sikupoteza kitu. Nilipofanya hivyo tatizo likaisha palepale, feni kimya, na tangu hapo ruta sijaigusa.

Na kabla hujaja kusema umefanya na haijakusaidia, angalia mengine haya. Laptopu ikiwa haijachomekwa na iko kwenye hali ya kuokoa betri, prosesa inabanwa na hata VP9 inaweza kushtuka. Viongezi vya brauza, hasa vile vinavyochezea kila ukurasa, fungua dirisha la faragha ambalo haviingii uone tofauti. Ukiwa na skrini mbili, moja ya 144 Hz (inajichora upya mara 144 kwa sekunde) na nyingine ya 60, kuna mashine zinachanganyikiwa, zilinganishe au chomoa moja ujaribu. Na filamu za fremu 24 kwenye skrini ya 60 Hz, fremu moja inakaa mara mbili inayofuata mara tatu, kwa hiyo kamera ikizunguka taratibu utaona kitu kinasitasita kidogo, hiyo sio hitilafu, ndo hesabu ilivyo, usifute kitu.

Sasa wakuu, swali langu. Kwenye kompyuta nimeshajitibu, lakini nina tableti ya zamani yenye shida hiyohiyo na tovuti hiyohiyo, brauza yake haikubali viongezi na about:config haifunguki. Kuna mtu kawahi kuizima AV1 kwenye kifaa cha hivyo? Ukijibu weka aina ya chipu, jina la kodeki kama kidirisha kinavyoonyesha, na fremu ngapi zimedondoka kati ya ngapi. Wa kache na ruta msijisumbue, nawapita bila kuwasoma.