Bimkubwa katoka Lushoto, joto la Mbagala linamzidi. Naombeni ushauri

Kijana wa Mbagala:
Wakuu, habari za mchana. Mama yangu, miaka 71, ameshuka kutoka Lushoto kuja kukaa nami. Kule kazoea baridi. Huku ni kaskazi, chumba ni bati bila dari, saa nane mchana ndani hapakaliki. Ana presha, anameza ile dawa ya kukojosha. Choo kipo uani, basi anajinyima maji ili asitoke-toke. Jana aliinuka kitandani akapepesuka. Mimi nashinda sokoni. Nifanyeje?

Mama Tumaini:
Pole mwanangu. Maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Mpe kila siku.

Nesi Mstaafu:
Mama Tumaini, hiyo inamfaa anayeharisha. Huyu ana presha, chumvi ya kila siku asipewe bila daktari kusema. Kijana, dawa ile inatoa maji na chumvi mwilini, na jasho nalo linatoa. Huenda ndiyo maana akisimama anapepesuka. Usimwachishe dawa! Kesho mpeleke kliniki na vidonge vyake, wampime presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, waamue dozi. Kama moyo na figo ni salama, anywe maji kidogo kidogo bila kungoja kiu, maana uzeeni kiu huchelewa. Na mnunulie ndoo ya chumbani yenye mfuniko. Hilo la choo ndilo linalonitisha zaidi.

Mwili huchukua wiki 1 hadi 2 kuzoea joto, kwa hiyo siku hizi za mwanzo asibaki peke yake. Akianza kuweweseka, au akizimia huku mwili unachoma, ni hospitali hapo hapo. Wakati mnatafuta usafiri mmwagieni maji, mpepeeni. Kama hajitambui msimnyweshe chochote.

Fundi Paa:
Ukipata hela paka bati rangi nyeupe kwa juu, halafu weka dari. Kwa sasa mchana asikae humo ndani kabisa.

Kijana wa Mbagala:
Asanteni sana. Jirani yangu mwenye genge kakubali washinde wote barazani. Ndoo nainunua jioni. Je, usiku nifunge madirisha? Feni inapuliza joto tu.

Nesi Mstaafu:
Fungua, usiku nje kuna nafuu. Alowanishe khanga, ajipanguse mikono na shingo, ndipo feni impulize. Na chandarua kishushwe mapema.