Dhahabu ya vijiti Istanbul 2012: ni ya Uingereza kweli?

Mpenda Riadha: Nimerudia kuangalia fainali ya mbio za kupokezana vijiti 4x400 wanawake, mashindano ya dunia ya ukumbini, Istanbul 2012. Uingereza 3:28.76, Marekani 3:28.79. Perri Shakes-Drayton kafukuzwa na Sanya Richards-Ross mpaka mstarini, kasukuma kifua, kashinda. Ila mmoja wa wale wanne, Shana Cox, ni mzaliwa wa Marekani. Medali ya namna hiyo nchi ijivunie? Mimi nasema hapana.

Binti Tanga: Na Christine Ohuruogu, mzaliwa wa London, kijiti chake hakihesabiki? Mbio za watu wanne utazigawaje?

Mpenda Riadha: Uzalendo haununuliwi, dada. Ni kama hawa wakimbiaji wetu wa Kenya waliojiuza Uarabuni.

Wa Iten: "Waliojiuza"? Hapo umenigusa pabaya. Njoo Iten alfajiri uone vijana wanavyojaa barabarani, halafu nchi inapeleka watatu tu Olimpiki kwa kila mbio. Wa nne ale nini? Ruth Jebet kaenda Bahrain, karudi na dhahabu ya Rio 2016.

Kocha Mstaafu: Jebet huyohuyo aliyefungiwa miaka minne kwa EPO, dawa ya kuongeza damu?

Wa Iten: Dawa zimeingiaje hapa? Waliofungiwa wakiwa na jezi ya Kenya umewasahau? Ukitaka kubishana kuhusu dawa, fungua mada yako.

Kocha Mstaafu: Sawa, tuache dawa. Stephen Cherono je, aliyehamia Qatar 2004 na kubadili hata jina?

Binti Tanga: Ni 2003, kocha. Mwaka huohuo kwenye mashindano ya dunia kule Paris akampiga Mkenya Ezekiel Kemboi kwenye mbio za viunzi na maji, akiitwa Saif Saaeed Shaheen.

Kocha Mstaafu: Basi ndiyo ubaya wenyewe! Miezi michache tu na mtu ana bendera mpya. Ndiyo maana 2018 shirikisho la riadha la dunia likaweka sharti la anayehama nchi kungoja miaka mitatu.

Mpenda Riadha: Mnaona? Hata shirikisho limekubali nilichosema.

Binti Tanga: Halijakubali. Limesema ngoja, halijasema usihame. Istanbul hiyohiyo mwandishi alimtaka nahodha wa Uingereza, Tiffany Porter, mzaliwa wa Marekani, ataje maneno ya wimbo wa taifa mbele ya watu, na mama yake ni Mwingereza! Wazaliwa wa London mbona hawakuulizwa?

Wa Iten: Mpenda Riadha, bado nasubiri ulifute lile neno "waliojiuza".