iPhone au Android: apu zitoke duka moja ama popote?

MwanaBusia
Wadau habari za jioni. Ndugu yangu ananiletea simu mwezi ujao, anasema nichague iPhone used au Android mpya, na mimi kinachonisumbua sio kamera, ni hizi apu zinatoka wapi. iPhone hapa Uganda ni App Store basi. Android kuna Play Store, Tecno wana Palm Store yao, ukitaka unaweka F-Droid, duka lingine la apu za bure, ama unarushiwa APK, yaani faili la apu lenyewe, kwa Xender, apu ya kurushiana mafaili simu kwa simu, bila kula bando. Ulaya sheria imewabana Apple, tangu Machi 2024 anaruhusu maduka mengine kule, lakini sio huku kwetu. Na kwetu wabanwe?

FundiSimu_Arua
Wabanwe. Kaka umesahau Januari 2021? Uchaguzi unakaribia, Play Store ikafungwa, watu wanatafuta VPN, apu ya kupenya mtandao uliofungwa, na pa kuitoa hakuna, mimi kibandani hapa nawarushia APK mmoja mmoja mpaka usiku, wenye iPhone nawaambia tu poleni sina la kufanya. Mlango ukiwa mmoja, akifunga mtu, mmekwisha wote.

MamaZ_Jinja
Fundi nakuheshimu ila mimi huo mlango uliniliza. Nilitumiwa linki ya apu ya mikopo, nikaweka, ikaomba kusoma meseji na namba zangu zote nikabonyeza kubali, baada ya wiki mbili wananipigia simu watu wa kanisani kwetu eti nadaiwa. Na kumbukeni mobile money iko kwenye simu hiyo hiyo. Mimi bora duka moja linalokaguliwa.

FundiSimu_Arua
Pole sana mama. Lakini linki ya mtu usiyemjua sio duka. Hata huko Ulaya apu ya duka la nje Apple anaipitia kwanza kabla haijaingia kwenye iPhone.

Koda_Ntinda
Mimi natengeneza apu kwa hiyo naongea pesa. Kuuza vitu vya kidijitali ndani ya apu, Apple kawaida anakata asilimia 30, sisi wadogo tunaoingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka anatukata asilimia 15. Halafu alipofungua Ulaya akaleta ada mpya, senti 50 za euro kwa kila anayeweka apu, ukishavuka watu milioni moja kwa mwaka. Sheria isiyogusa ada inakufungulia geti halafu inakuachia askari wa kukudai. Na Android msitulie, Agosti 2025 Google walitangaza kwamba hata apu za nje ya Play zitatakiwa zitoke kwa mtu aliyejisajili kwao.

MwanaBusia
Basi ni Android. Ila mama yangu anaishika sana hiyo simu, fundi nifanyeje?

FundiSimu_Arua
Ingia settings, tafuta ruhusa ya kuweka apu kutoka nje. WhatsApp na Chrome zima zote, Xender iachie.