Mtambo wa kuchenjua dhahabu unaoelea ziwani: unawezekana?

MzawaGeita:
Wakuu, salaam. Huku kwetu kupata eneo la kuchenjulia, yaani kutoa dhahabu kwenye mawe, imekuwa shida. Ukilipata, wanakijiji wanalalamikia vumbi la karasha (mashine ya kusaga mawe) na maji machafu. Nimewaza tutengeneze jukwaa linaloelea Ziwa Victoria, karasha na matangi yote juu yake. Msumbiji wana Coral Sul, mtambo unaoelea, unachakata gesi baharini tangu 2022. Dhahabu inashindikana nini?

FundiSpiro_Kwale:
Salaam ndugu yangu. Nilikuwa fundi kwenye mgodi wa mchanga wenye madini mazito Kwale, Kenya, hadi uchimbaji uliposimama Desemba 2024. Mitambo inayoelea ipo, na inalipa. Pale Moma, Nampula, Msumbiji, dreja (mashine ya kuchimba majini) inafyonza mchanga ndani ya bwawa la kuchimbwa na kuusukuma kwa bomba hadi kiwanda kinachoelea humo humo. Mchanga usio na mali unarudishwa nyuma kujaza shimo, bwawa linasonga mbele, kiwanda kinalifuata. Mwaka 2020 walikitoa kimoja majini wakakibeba kwa barabara kilomita 23 hadi Pilivili.

Lakini angalia wanachochakata. Ule ni mchanga tayari, hauhitaji karasha wala sayanaidi (sumu ya kuyeyushia dhahabu), maji na spiro, yaani mfereji uliojizungusha kama skrubu, vinatosha. Kwenye spiro iliyokaa sawa unaona ukanda mweusi wa madini mazito umebana upande wa ndani na mchanga mweupe unakimbilia nje. Unasogeza kisu cha kugawia kwa kidole mpaka kikae pale rangi zinapoachana. Spiro ikiinama, mpaka unahama na mali inatoka na taka. Bwawani maji yametulia, kwa hiyo spiro haiyumbi. Na hata Moma, kukausha na kutenganisha madini yenyewe (ilmenaiti, zirikoni na rutili) kwa sumaku na umeme kunafanyika nchi kavu.

BintiMwanza:
Samahani kaka, mbona Namibia wanachuja almasi ndani ya meli, tena Atlantiki yenye mawimbi makali? Meli yao ya Benguela Gem ilianza kazi 2022.

FundiSpiro_Kwale:
Kweli dada, mawimbi peke yake hayazuii kitu ukiwa na pesa ya meli kama ile. Kinachozuia ni marudio, yaani mabaki baada ya kutoa mali. Namibia wananyonya changarawe, wanatoa almasi, inayobaki wanairudisha baharini. Gesi haina marudio kabisa. Dhahabu ya mwamba inakupa gramu chache kwa tani, na tani yote iliyobaki ni tope lenye sayanaidi. Lazima ulipeleke nchi kavu, kwa hiyo eneo unalolikimbia utalihitaji tu. Na bomba likipasuka njiani? Mwanza na Kisumu wanakunywa maji ya ziwa hilo. Hapo sikubali hata kwa majaribio.

MzawaGeita:
Nimekupata mkuu. Sasa vumbi nifanyeje?

FundiSpiro_Kwale:
Saga kwa maji, usisage mkavu. Bwawa la marudio litandike karatasi nzito ya plastiki chini na kingoni, halafu maji yanayotuama juu uyarudishe mtamboni kwa pampu. Kabla hujachimba, ita wanakijiji wakuonyeshe visima vyao viko wapi na maji ya mvua yanapita wapi. Hiyo ramani ya mkono mpe mhandisi wako.