Ramani za nyumba za Pompeii hazina bafu. Walikuwa wanaoga wapi?

Mwashi_wa_Ipagala

Mbukwenyi wakuu,

Mimi ni mwashi hapa Dodoma, kazi zangu nyingi ziko Ipagala, Ilazo na Iyumbu. Nina mteja, mama mmoja mwalimu mstaafu, analipa kwa wakati (sifa hiyo naitanguliza makusudi). Kaniletea picha na ramani za nyumba za Pompeii, ule mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Anataka yake iwe hivyo hivyo: uwazi katikati, paa liinamie ndani pande zote nne, mvua iangukie kwenye kijibwawa kilichozama kwenye jamvi, kisha maji yaende kwenye tangi chini ya sakafu. Yaani mabati yote yamwage maji ndani ya nyumba! Fundi wangu wa kupaua alipoona mchoro alicheka, akauliza mama kakosana na nani.

Mimi sikucheka, maana hapa mvua tunaionja Desemba hadi Aprili, halafu ni vumbi mpaka mwaka uishe. Mtu anayetaka kuidaka mvua yote simwoni kichaa. Kilichonishinda ni kingine. Nimeipitia ramani chumba kwa chumba. Kuna ukumbi, vyumba vya kulala vidogo kama stoo, bustani nyuma, fremu mbili za biashara zinazotazama barabarani. Choo kipo, ila kimewekwa jikoni, hatua chache kutoka mahali pa kupikia, Mungu atusamehe. Bafu halipo. Kuta zimechorwa kuanzia chini mpaka juu, sakafu imepangwa vijiwe vya rangi, na mwenye nyumba hana pa kujimwagia maji!

Nasikia kulikuwa na mabafu ya umma ambayo moto ulipita chini ya sakafu. Anayejua anieleze kifundi: sakafu hiyo ilisimama juu ya nini, na kwa nini haikupasuka? Nimeshaona sakafu ya bekari ya mtu ikifumuka kwa joto la tanuri, na ilikuwa zege la maana.

Chimbachimba

Mkuu, ramani yako iko sawa. Nyumba nyingi za Pompeii hazikuwa na bafu, hata za watu wenye nazo. Wachache sana walijenga la kwao. Nyumba inayoitwa ya Menander ilikuwa nalo, na mwaka 2025 wachimbaji walitangaza kupata nyumba nyingine yenye bafu kubwa la binafsi, vyumba vyote vimekamilika, limeshikana na ukumbi wa karamu. Huyo alikuwa anawaogesha wageni kwanza ndipo awalishe. Waliobaki walitoka nje, kwa kawaida mchana kazi zikishapungua, wakaenda bafu la umma. Kiingilio cha kawaida kilikuwa robo ya asi (asi ni sarafu ya Kirumi), na robo hiyo ndiyo sarafu ya chini kabisa. Huko Roma, mwaka 33 kabla ya Kristo, kiongozi mmoja, Agrippa, aliwafungulia wananchi mabafu 170 bure.

Pompeii yenyewe ilikuwa na mabafu ya Stabiae, ambayo ndiyo makongwe, ya Forum karibu na uwanja mkuu, ya nje ya ukuta upande wa baharini, na ya Kati, ambayo mafundi walikuwa hawajayamaliza mlima ulipolipuka. Unaingia, unavua nguo kwenye chumba chenye vishubaka ukutani. Mwenye mtumwa alimwacha azilinde, maana wezi wa nguo walikuwepo tele. Mjini Bath, Uingereza, vimepatikana vibati vya risasi vilivyoandikwa laana kwa walioiba nguo za waogaji! Kisha chumba cha uvuguvugu, cha moto, na cha baridi. Sabuni hakuna. Unapakwa mafuta ya zeituni, unatoka jasho, unakwanguliwa kwa chuma kilichopinda.

Sasa sakafu. Ile ya kukanyaga ilikuwa imening'inia. Chini kabisa waliweka jamvi lenye mteremko kuelekea tanuri. Vitruvius, mjenzi wa enzi za Kaisari Augusto, aliagiza mteremko uwe wa kiasi kwamba ukirusha mpira humo ndani haukai, unarudi wenyewe kwenye mdomo wa tanuri. Juu ya jamvi hilo wanasimamisha vinguzo vya tofali za kuchoma, inchi nane kwa nane, kimo futi mbili, vimeachana kwa nafasi ambayo kigae cha futi mbili kwa mbili kinalala juu yake bila shida. Juu ya vigae linakuja tabaka nene la chokaa na tofali zilizosagwa, mwisho marumaru. Moto unachochewa nje ya chumba. Joto na moshi vinapita katikati ya vinguzo, vinapanda kwa ndani ya kuta kupitia vigae vyenye tundu, na kutokea juu. Chumba cha moto kinakuwa jirani na tanuri, cha uvuguvugu kinafuata na kupokea joto lililobaki. Sakafu iliunguza nyayo, watu walivaa ndara za soli ya mbao.

Kwa nini haikupasuka? Sehemu ya jibu ni kwamba vinguzo havikuungwa kwa chokaa. Vitruvius anataka udongo wa mfinyanzi uliokandwa pamoja na nywele. Udongo unavumilia moto, na vipande vidogo vikitanuka kila kimoja kinasogea kidogo mahali pake. Zege la bekari lilimwagwa bamba moja, halina pa kutanukia. Halafu moto wa bafu haukuwa mkali kama wa mikate. Ulikuwa wa taratibu, unalishwa kutwa nzima.

Mwashi_wa_Ipagala

Udongo na nywele. Hapo nimekuelewa kabisa, bibi yangu kule Mpwapwa alikandika ukuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe na haukuwa na ufa. Na hilo la mpira nitalitumia kuwapima vijana wangu kwenye mteremko wa bafu, maana kila siku maji yanatuama kwenye kona.

Babu_wa_Mvumi

Kijana, huyo mama mwalimu mheshimu. Sisi Wagogo tulikaa kwenye matembe, na tembe kubwa lilikuwa na uwanja katikati, vyumba vimeuzunguka, mlango mmoja. Nje huoni dirisha la maana. Adui akija anakutana na ukuta, mwizi wa ng'ombe naye hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba katikati kwetu walilala ng'ombe, kwao lilikaa bwawa. Paa letu lilikuwa bapa, miti na udongo juu, na mvua ikizidi tulihamisha vitanda usiku.

Ila nyumba ya tajiri wa huko Pompeii ni ukubwa gani? Siku hizi mnagawiwa viwanja vya mita ishirini kwa thelathini, mkishaweka ukuta na geti hakuna pa kufungia hata mbuzi.

Chimbachimba

Shikamoo babu. Iliyo kubwa kuliko zote Pompeii, inayoitwa ya Faun, inakaribia mita 3,000 za mraba, kwa hiyo viwanja vitano vya hivyo. Za kawaida ni ndogo mno, na wengine walilala juu ya fremu zao, chumba kimoja na ngazi ya mbao. Na kwa habari ya madirisha umegusa penyewe: nyumba ya Kirumi nayo iliipa barabara mgongo, mwanga ukaingia kwa juu katikati.

Roma na bandari yake Ostia, huko ni ghorofa za kupangisha. Augusto ilibidi aweke sheria zisizidi futi 70 upande wa barabarani, maana zilikuwa zinaporomoka na kuua watu.

Nesi_Sabasaba

Kaka Mwashi, kabla hamjaanza kuwatamani hao Warumi na mabafu yao, niulizeni mimi ninayefunga vidonda. Bwawa moja la maji ya moto, watu wanaingia na mafuta na jasho, kila mtu na lake, na dawa ya kuua vijidudu hakuna. Kaisari Marcus Aurelius mwenyewe aliandika kuwa ukifikiria kuoga unachokiona ni mafuta, jasho, uchafu na maji ya kuteleza. Celsus, aliyeandika mambo ya tiba karne ya kwanza, alionya mwenye kidonda kibichi asiingie bafuni, kitalowa, kitachafuka na kuelekea kuoza. Hawakujua bakteria ila macho walikuwa nayo.

Na hilo bwawa la mama sebuleni, mmemweleza habari ya mbu? Akiacha maji yasimame wiki mbili atafuga viluwiluwi mpaka awape majina.

Chimbachimba

Dada Nesi, kwenye vidonda sikubishii. Kwenye bwawa kidogo nikubishie. Lile la Kirumi ni la kina kifupi, limeinuliwa ukingo kidogo, na kazi yake siyo kutunza maji. Linapokea tu. Tundu moja linapeleka kwenye tangi la ardhini ambalo mdomo wake una kifuniko na mahali pa kushushia ndoo, jingine linatoa ziada barabarani. Mvua ikikatika, linakauka.

Kuna jambo ambalo mwashi atalipenda. Mabwawa hayo yalianza kama chanzo cha maji cha nyumba. Kabla ya mfereji wa maji kufika Pompeii, mji uliishi kwa matangi ya mvua na visima virefu. Hata bafu la Stabiae lilivuta maji kisimani kwa gurudumu. Mfereji ulipofika, kwa wengi wanavyokadiria enzi za Augusto, maji yaligawiwa kutoka jengo lililo lango la Vesuvius kwa mabomba ya risasi, vikawekwa vioski vya mtaani visivyopungua 40, vinatiririka mchana na usiku. Matajiri wakavuta bomba ndani na bwawa la ukumbini likageuka pambo, likawekwa marumaru na sanamu zinazotema maji. Picha alizokuletea mama nyingi ni za kipindi hicho cha pambo. Sisi wa Dodoma tunaomba kilekile cha mwanzo.

Na wasidhani hayo yalikuwa mambo ya Italia tu. Timgad, Algeria, mji uliojengwa na Kaisari Trajan mwaka 100 kwa ajili ya askari wastaafu, uko juu nyikani, urefu kutoka usawa wa bahari unakaribiana na wetu, na una mabafu yasiyopungua 14. Pale uwanjani mtu alichora mchezo wa bao la kwao kwenye jiwe na kuandika: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndiko kuishi.

Kijana_wa_Malindi_Unguja

Msiende mbali hivyo jamaa zangu. Hamamni, bafu la umma, ipo hapa Mji Mkongwe, Seyyid Barghash aliijenga kwa ajili ya watu wote wa mji, na ilifanya kazi mpaka 1920. Kidichi nako kuna hamamu ya Seyyid Said ya 1850, ile alimjengea mkewe wa Kiajemi. Njooni mtazame, kiingilio si kikubwa.

Mwashi_wa_Ipagala

Shikamoo babu, na wengine wote asanteni. Nimekaa na mama jana. Hesabu tumeifanya mezani kwake: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma inapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba linapokea lita 55,000 mwaka ukiwa wa chini, kabla hujatoa kinachopotea. Mwalimu huyo, alinisahihisha sehemu ya desimali.

Tumekubaliana hivi. Uwazi unabaki ila mdogo, mkanda wa zege utazunguka juu kushika kenchi, na gata pana zitapokea maji kabla hayajaanguka, kwa sababu mvua ya hapa haidondoki, inamwagwa, na sakafu itarushiwa matope. Maji ya mvua ya kwanza yatatupwa nje na vumbi lake. Tangi la tofali za bloku chini ya uwazi, lipu ndani, niru, mfuniko wa chuma wenye wavu kwa heshima ya dada Nesi. Bomba la ziada futi moja chini ya sakafu, nene kuliko linaloingiza. Hapo siwezi kulegeza, likiziba mama anaamkia kwenye ziwa. Na bafu nimemwekea mawili, asije akaenda kwa majirani na sarafu mkononi.

Swali moja limebaki. Bafu la ndani anataka maji ya moto, chumba kidogo, dari la zege. Mvuke ukipanda utapoa darini na kudondoka matone baridi mgongoni. Wale walikuwa na chumba kizima cha mvuke, walifanyaje?

Chimbachimba

Walikunja dari. Kwenye chumba cha moto cha wanaume, bafu la Forum, dari ni la upinde, na lipu yake imechorwa mifereji mingi iliyosimama sambamba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tone likijitengeneza linafuata mfereji, linateremka na ukuta badala ya kukudondokea. Kwa hiyo dari lako lisiwe bapa, lipe upinde au hata mwinamo wa upande mmoja, na lipu iwe laini.

Ukitafuta picha, tafuta chumba chenye beseni kubwa la marumaru kwenye ncha moja, ambalo ukingoni limeandikwa kwa herufi za shaba majina ya viongozi waliolinunua na bei yake, zaidi ya sesta 5,000 (sesta nayo ni sarafu ya Kirumi). Usichanganye na chumba cha jirani chenye visanamu vya wanaume vilivyobeba rafu mabegani. Hicho ni cha uvuguvugu, na cha ajabu hakikuwa na moto chini ya sakafu, kilipashwa kwa jiko kubwa la shaba lililowekwa mkaa.

Nesi_Sabasaba

Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa? Kaka Mwashi, hilo usimwonyeshe mama.