Naomba ushauri: AES-GCM ya Java inagoma kuthibitika kwenye Python
Habarini wakuu. Data inasimbwa kwa Java (AES/GCM/NoPadding, yaani usimbaji unaothibitisha pia kuwa data haijabadilishwa; ufunguo baiti 32; nonsi, yaani namba ya kutumika mara moja, baiti 12), nami naifungua kwa PyCryptodome, maktaba ya usimbaji ya Python. Nikitumia decrypt() peke yake maandishi yanatoka sawasawa, kwa hiyo ufunguo na nonsi havina shida. Ila decrypt_and_verify() inatoa "MAC check failed", ingawa nimeshatenga zile baiti 16 za mwisho ambazo Java hubandika kama tagi (alama ya uthibitisho).

Nashuku AAD (data ya ziada isiyosimbwa ila inathibitishwa pamoja na ujumbe). Java inapitisha namba ya oda kwenye updateAAD() kwa UTF_16 (njia ya kugeuza herufi kuwa baiti). Mimi kwenye update() nina encode('utf-16'). Kwa heksi, Java inaanza na feff, Python fffe (alama ya mpangilio wa baiti).

Je, niweke b'\xfe\xff' (ile feff) mbele ya encode('utf-16-be')? Na tukihamia UTF-8 pande zote, mafaili ya zamani mnayashughulikiaje bila kuzima uthibitisho?