Tunataka kununua Cessna 182 ya 1974 kwa shirika, watu wanne, Kigoma na Tabora. Tunajitia kitanzi?

Kibirizi Boy (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Nipo Kigoma mjini, nauza mawese na dagaa. Leseni ya urubani binafsi ninayo, huu mwaka wa tatu, saa za kuruka 140 na kidogo. Shida ni kwamba ndege za kukodi ziko mbali. Nikitaka kuruka kwa muda wa saa mbili lazima kwanza nikate tiketi ya ndege ya abiria, nilale gesti, nikodi, nirudi. Hela inakwisha hata Malagarasi sijaiona kutoka juu.

Sasa tumepatana wanne: mimi, shemeji yangu ambaye ni daktari Tabora, kijana mmoja wa Kasulu mwenye mashine za kukoboa, na mfanyabiashara wa asali kutoka Sikonge. Watatu tuna leseni. Huyu wa asali bado anajifunza, ana saa 22.

Ndege yenyewe ni Cessna 182 ya 1974. Muuzaji anataka dola 72,000, yaani 18,000 kila mtu. Injini ni Continental O-470, imetembea saa 1,180 tangu ifumuliwe mara ya mwisho. Rangi imepauka na viti vimechanika, lakini inawaka, nimeisikia kwa masikio yangu. Miaka miwili hii imeruka saa 19 tu, mwenyewe ni mtu mzima na macho yamechoka.

Lengo letu ni viwanja vya vumbi na nyasi. Kibondo, Mahale, Ikuu kule Katavi, mwisho wa wiki. Kigoma hadi Tabora kwa hewa ni kama kilomita 350, saa moja na nusu umefika, mwenye treni bado anatafuta behewa lake. Shemeji anasema siku ambazo hatuna safari tubebe watalii wa sokwe ili ndege ijilipe.

Naomba ushauri. Umri wa ndege ni tatizo? Na watu wanne kwenye chombo kimoja tutawezana? Msinionee huruma.

Isevya Original

Mkuu nunua Probox mbili, moja ya kwenda moja ya kurudi. Chenji utuletee mawese.

Haya, nimekaa pale kwenye kona nasubiri wataalamu.

Fundi Spana

Umri peke yake haunitishi. Meli ya Liemba hapo kwenu iliundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na imebeba watu vizazi na vizazi. Kilichonitisha kwenye maelezo yako ni hizo saa 19 kwa miaka miwili. Injini inayolala huota kutu ndani ya silinda. Bora ungeniambia imeruka saa 200.

Halafu piga hesabu hivi. Injini ya aina hiyo Continental wanaipa saa 1,500 au miaka 12, kisha ifumuliwe. Tuseme kuifumua, kuifunga upya na kuisafirisha kwenda na kurudi kunakula dola 45,000. Gawa kwa 1,500, unapata dola 30 kila saa. Muuzaji ameshakula saa 1,180, yaani dola 35,400 za injini ziko tumboni mwake, nyinyi mnanunua saa 320 zilizobaki. Mkiruka saa 40 kila mmoja kwa mwaka, jumla 160, miaka miwili mnatafuta dola 45,000. Na tarehe ya kufumuliwa hukuitaja. Kama ni zaidi ya miaka 12 hata hizo 320 ni za kuombea dua.

Kwa hiyo siku ya kwanza fungueni akaunti ya injini. Kila saa ya kuruka dola 30 zinaingia humo, na hazitoki kwa ajili ya viti wala rangi.

Ukienda kuikagua, usiende na fundi wa muuzaji. Na uangalie mambo haya mawili hata kama huna spana. Kwanza, 182 ina pua nzito. Rubani akitua vibaya gurudumu la mbele linapiga chini kwanza, na kishindo kinaenda kukunja ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya rubani. Piga magoti, ingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi, pitisha kidole kwenye bati. Likiwa na mawimbi kama bati la choo, ujue imeshapigwa. Pili, matenki ya mwaka huo ni mifuko ya mpira ndani ya bawa. Mpira ukizeeka unajikunja, maji yanajificha kwenye mikunjo, unakinga mafuta chini unaona masafi, ukipaa maji yanahama. Kabla ya kukinga tikisa mabawa juu chini, shusha mkia, subiri, ndipo ukinge.

Omba pia vitabu vyote vya kumbukumbu, cha bodi, cha injini na cha propela. Kimoja kikikosekana bei ishuke sana au uondoke.

Mama Heru

Mimi ndege sizijui, nazijua mali za shirika. Marehemu mume wangu alikuwa na Fuso na rafiki yake hapa Kasulu, nusu kwa nusu, makubaliano ya mdomo, watu waliosoma pamoja. Huyo rafiki alipofariki, kabla hata ya arobaini ndugu zake walikuja usiku wakang'oa betri na tairi mbili za nyuma. Wanasema ni sehemu yao ya urithi. Fuso ilikaa juu ya mawe miezi saba, majani yakaota mpaka kwenye bodi. Mume wangu alilipa mkopo wa gari ambalo halitembei.

Nyinyi wanne mna wake, watoto, na mashemeji. Mmeshawaambia?

Kibirizi Boy

Dah, Mama Heru umenigusa. Kusema kweli mke wangu anajua tunanunua "chombo". Hajauliza chombo gani.

Wakili Cheyo

Mleta mada, kamwambie mama leo.

Ushauri wangu ni msisajili ndege kwa majina manne. Sajilini kampuni BRELA, kwa msajili wa kampuni, na kampuni ndiyo imiliki ndege, kila mmoja awe na hisa robo. Hapo mtu akifariki warithi wanarithi hisa, hawarithi propela. Mbali na hapo muwe na mkataba wa wanahisa, na uwe mrefu. Mimi ningepigania mambo haya yaandikwe: anayetaka kutoka lazima awauzie waliobaki kwanza, kwa bei ya mthamini na si ya hasira, warithi wakitaka fedha walipwe ndani ya muda uliotajwa, asiyelipa mchango wa mwezi miezi miwili mfululizo harushi mpaka alipe, na aliyekuwa kwenye usukani ajali ikitokea ndiye alipe ile sehemu ya mwanzo ambayo bima hailipi. Hiyo ya mwisho ndiyo huvunja urafiki. Kila mtu atakubali kwamba ni haki mpaka siku ikimfika.

Huyo mwenye saa 22, muulize kampuni ya bima kabla hamjalipa hata shilingi. Watamtaja kwa jina kwenye karatasi zao, na bei itapanda kwa wote wanne kwa sababu yake.

Kuhusu watalii: hapana. Leseni ya binafsi hairuhusu kubeba watu kwa malipo, na ndege ikibeba abiria wa kulipa inahitaji cheti cha biashara ya usafiri wa anga kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chenye masharti ya marubani, matengenezo na usimamizi ambayo watu wanne wa mwisho wa wiki hamtayaweza.

Kibirizi Boy

Wakili, hata mtalii akichangia mafuta tu?

Wakili Cheyo

Ndugu yako au rafiki yako akipanda nawe mkagawana mafuta ni jambo moja. Mzungu uliyemkuta hotelini akiuliza njia ya Mahale ni jambo jingine, na wewe mwenyewe unajua ni lipi. Injini ikizima juu ya ziwa, bima watauliza swali moja tu: alilipa?

Mzee wa Gungu

Nimerusha ndege ndogo miaka 26, nyingi mkoa huu na Tabora. Sasa nafuga kuku. Mmeongea karatasi vizuri, ngoja niongee hewa.

Uwanja wa Tabora uko futi 3,868. Oktoba saa nane mchana, joto 32, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko futi 6,800. Watu wazima wanne, mizigo na mafuta kamili kwenye 182 kuukuu, hiyo si safari, ni mtihani. Ruka alfajiri. Kwenye nyasi ongeza tena. Waingereza katika maelekezo yao huongeza asilimia 20 ya urefu wa kupaa kwa nyasi kavu na 30 kwa nyasi zilizolowa, na uwanja laini unazidisha juu ya hapo. Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa usijaribu kabisa. Niliwahi kutua kwenye kiwanja ambacho kwa juu kilikuwa kijani kizuri kama zulia la msikitini. Magurudumu yalizama mpaka kwenye ekseli, tukavutwa na ng'ombe sita, na mwenye ng'ombe alinidai kuliko mafuta ya safari nzima.

Agosti na Septemba wanachoma misitu ya miombo, moshi unafunika kila kitu, unaweza kukosa Tabora nzima na maembe yake. Upande wa Mahale kuna mlima Nkungwe, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, pembeni kabisa mwa ziwa, na upepo wa mchana unashuka hapo bila hodi. Injini moja juu ya ziwa Tanganyika, kaa karibu na ufukwe kiasi cha kuteleza mpaka nchi kavu, na maboya yavaliwe, yasiwekwe nyuma ya viti. Viwanja vya hifadhini ni vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, omba ruhusa mapema. Na ukifika pita chini mara moja kabla ya kutua. Nyumbu hakuna huko, ila pofu na nyati hawajasoma ratiba yako.

Lakini kinachoua shirika kama lenu ni mafuta. 182 inakunywa kama lita 50 kwa saa, na si mafuta ya taa ya ndege kubwa, ni petroli ya ndege. Mtaileta kwa mapipa. Pipa likisimama nje wima, maji ya mvua hukaa juu ya kifuniko na hunyonywa ndani usiku likipoa. Lilaze, na kila lita ipite kwenye chujio. Halafu gereji: kutoka Kigoma hadi Arusha ni karibu kilomita 800. Kwenda na kurudi ni saa sita na nusu, lita zaidi ya 300, kabla fundi hajashika bisibisi. Mtafanya hivyo kila saa 100 za kuruka.

Jambo dogo la mwisho. Nunua kifuniko cha ule mrija wa kupimia mwendo chini ya bawa. Nyigu wa Tabora wanajenga humo kwa siku moja. Mimi nilipaa nikaona kipimo cha mwendo kimelala kwenye sifuri, na mke wangu pembeni ananiuliza kwa nini sindano haitembei.

Kibirizi Boy

Shikamoo mzee. Ulimjibu nini?

Mzee wa Gungu

Marahaba mwanangu. Nilimwambia imepumzika. Nikatua kwa sauti ya injini na mazoea.

Kibirizi Boy (baada ya wiki tatu)

Marejesho wakuu.

Nilimchukua fundi wa kwetu, tukaenda. Kwenye matenki tulitikisa mabawa kama Fundi Spana alivyosema. Kikombe cha kwanza kilitoka kisafi, cha tatu kikatoka na maji robo, yamekaa chini kama ute wa yai. Muuzaji akasema ni umande. Bati la chini ya dashibodi lina wimbi moja upande wa kulia, fundi anasema limeshawahi kunyooshwa. Injini ilifumuliwa miaka 11 iliyopita.

Tumempa ofa ya dola 46,000. Amekasirika, kisha jana usiku amepiga simu kuuliza kama hela ni taslimu.

Wa asali amejitoa kwa amani, anataka amalize leseni kwanza. Watalii tumewafuta, shemeji amenuna siku mbili. Mke wangu nimemwambia. Swali lake la kwanza lilikuwa kama jina la kampuni litakuwa na jina la watoto.

Tumebaki watatu. Kama kuna mtu Tabora mwenye leseni, mwenye subira, na mwenye nafasi kwenye hanga isiyovuja, anicheki pembeni.